Pombe Iliyoivia Njiani

Mama yangu, Tabea, tulimzika Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, kwenye migomba nyuma ya nyumba, katika manyunyu ya mvua ambayo mlima wetu hautunyimi mwezi huo. Wiki zake za mwisho alikuwa analala na kuamka bila kujali saa. Akiamka alianza kusimulia palepale ndoto ilipomwachia, na karibu kila mara alirudi mahali pamoja: siku za mwisho za kaka yake Sadoki nyumbani, kabla hajaenda kusoma Ulaya. Ulikuwa mwaka 1913, bendera ya Mjerumani ikiwa bado inapepea kwenye boma la Arusha. Mama alisimulia vipande vipande, mara mwisho, mara mwanzo. Mimi nimevipanga tu.

Sadoki alikuwa na miaka kumi na tisa, msaidizi wa mwalimu katika shule ya misheni, kwenye vilima vya juu ya Tengeru. Mama alikuwa na kumi na tano, akijiandaa kwa kipaimara. Baba yao alikuwa amekufa, nao waliishi na mama yao, Ndeshi, bibi yangu, ambaye wakati huo hakuwa amebatizwa. Mchungaji mmoja Mjerumani alikuwa anarudi kwao kwa mapumziko, akaomba amchukue Sadoki akajifunze ualimu kwa miaka miwili, huku akiwasaidia wenzake wanaotaka kuzijua lugha zetu.

Sadoki alileta habari hiyo siku ya soko. Bibi alikuwa ndiyo kwanza ametua kikapu.

"Lini?" aliuliza.

"Masoko manne, mama. Asubuhi baada ya soko la nne nashika njia."

Soko letu la wakati huo lilikuwa kila siku ya nne, na bibi hakuwa na kalenda nyingine. Sadoki alizijua tarehe vizuri, lakini alitaka kumpa mama yake hesabu anayoielewa. Hapo ndipo kosa lilipoingia, wala hakuna aliyeliona likiingia. Sadoki alilihesabu soko la siku ileile kuwa la kwanza. Bibi hakulihesabu; soko ambalo umeshakwenda ukarudi, kwake lilikuwa limekwisha. Mmoja akabaki na siku kumi na tatu, mwingine kumi na saba, na wote wawili wakasema "masoko manne" wakaridhika.

Bibi hakulia. Alikaa kwenye kigoda akauliza jambo moja tu: "Nani atambariki?"

Kwetu, kijana anayekwenda mbali hubarikiwa na baba yake, kwa pombe ya ndizi. Baba akiwa hayupo, ni ndugu wa baba. Na ndugu wa baba alikuwa mmoja, Sumari, ambaye hakuwa amekanyaga ua wa bibi kwa miaka sita. Mume wa bibi alipokufa, Sumari alikuja kumrithi kama desturi ilivyotaka, na bibi akamwambia mbele ya wazee, "Nina watoto wawili na jembe. Mume wa pili wa nini?" Wazee wengine walicheka. Sumari hakusahau kicheko hicho.

"Mama," Sadoki alisema, "Mungu yuko na huko pia."

"Najua yuko. Lakini Mungu hana ugomvi na Sumari. Ninao mimi."

Aliamini kabisa, kama sisi tunavyoamini sakramenti, kwamba mtoto akivuka maji bila baraka ya upande wa baba yake, hatarudi. Hakusema angekufa. Alisema hatarudi, na kwake hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku ya tatu alfajiri alikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba. Kwetu, aliyekukosea akikuletea jani hilo huwezi kumfukuza. Akamchukua mama, wakapanda kwa Sumari. Ukungu ulikuwa mzito hata wakamsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anachonga mzinga wa nyuki.

"Shikamoo, shemeji," bibi alisema.

"Marahaba." Kisu hakikusimama. "Naona ukungu wa leo umeleta watu."

"Umemleta mke wa ndugu yako."

"Yupi? Yule mwenye jembe?"

"Jembe bado ninalo. Leo nimekuja na jani."

Kisu kikasimama. Mama alisema baba yake mkubwa alilitazama lile jani kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani kwake, akijiuliza amfukuze au amfunge. Mwishowe akanyoosha mkono akalipokea.

"Pika pombe," alisema. "Ikiiva vizuri nitakuja kumbariki kijana. Ikiiva vizuri, umesikia? Simbariki mtoto kwa pombe mbichi. Nikimbariki kwa pombe mbichi nimemdanganya yeye na nimekudanganya wewe."

"Itaiva."

"Tutaona. Mimi naijua pombe."

Hilo lilikuwa kweli. Watu wa ukoo walimpelekea vyungu aonje kabla ya sherehe, na hakuwahi kuisifu pombe ili kumfurahisha mwenye nayo. Kwenye arusi ya binti yake mwenyewe alisema haijaiva, na wageni wakakaa na midomo mikavu mpaka kesho yake.

Bibi akakata mikungu ya ndizi, akaipanga darini juu ya moto ili iive taratibu. Siku zilizofuata mama alizisimulia kwa sauti ya chini, kama anaogopa kuziamsha. Nyumba nzima ilijaa harufu ya ndizi zinazoiva. Sadoki alikuwa ameruhusiwa kutoka shuleni, basi alilala mchana katika harufu ile, akaamka, akatoka, akarudi akalala tena. Wakati mwingine alikwenda kukaa kando ya mfereji, miguu ndani ya maji. Mama akimwita alichelewa kuitika, kama sauti yake ilikuwa inapita kwanza mahali pengine. Ukungu ulishuka ukakaa kwenye migomba hata adhuhuri, na ng'ombe walionekana vichwa tu, vikielea. Mama alisema siku hizo hazikufuatana. Zilikuwa zimetandikwa moja juu ya nyingine, na yeye alitamani asiwepo mtu wa kuzikunjua.

Mchungaji alikuwa amempa Sadoki viatu, akavijaribu shambani.

"Unatembea kama kuku aliyefungwa kamba!" mama alimwambia.

"Huko kila mtu anatembea hivi."

"Wote? Na wazee?"

"Wazee zaidi."

Asubuhi moja ukungu ulipasuka upande wa mashariki, na Kibo ikaonekana juu ya mawingu, nyeupe, haijashikwa na kitu. Sadoki akamwonyesha.

"Kule ninakokwenda ile theluji inashuka mpaka mlangoni."

"Sasa watu wanapita wapi?"

"Wanaifagia."

"Kama mavi ya ng'ombe?"

Sadoki akafikiri kwa makini, kama mwalimu. "Kama mavi ya ng'ombe," akakubali, na wakacheka mpaka bibi akatoka nje kuuliza ni nani aliyewachekesha asubuhi namna ile. Walipomwambia hakucheka. Alimtazama Sadoki, akasema, "Utafagia theluji za watu, na hapa kwangu ufagio hujaushika tangu ubatizwe," kisha akarudi ndani haraka.

Siku ya kumi bibi alizipika ndizi tangu asubuhi mpaka jioni, zikawa nyekundu kama udongo, akazimimina kwenye chungu kikubwa zikae zichachuke. Baadaye ungechanganywa uji wa ulezi uliooteshwa, ikae usiku na mchana mmoja, ndipo inywewe. Alikuwa ameyapanga yote vizuri kwa siku kumi na saba zake.

Siku ya kumi na mbili alirudi kutoka sokoni, jua likiwa bado liko juu, akamkuta Sadoki amepiga magoti mbele ya sanduku la mbao, anakunja shati.

"Mbona unafunga mapema hivyo?"

"Kesho asubuhi siyo mapema, mama."

"Kesho gani?"

Sadoki akainua kichwa. "Soko la nne si la leo?"

"La leo ni la tatu!"

Wakahesabu kwa vidole, kila mmoja vyake. Vidole vya Sadoki vikawa vinne, vya bibi vitatu. Wakarudia. Vikawa vilevile.

"Mama, ulianzia wapi?"

"Kwa lililofuata! Siku ile ulipozungumza nilikuwa nimesharudi kutoka sokoni, chumvi iko kikapuni. Soko hilo ningelihesabu la nini?"

Mama alitaka kucheka, kisha akauona uso wa bibi. Garimoshi la Moshi halingengoja, na meli ya Tanga vilevile. Na chungu kilikuwa na siku mbili tu.

Akatumwa mama akamwite Sumari. Alikuja mpaka ndani ya ua, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, akainamia chungu, akachovya kidole, akalamba.

"Haya ni maji ya ndizi," alisema. "Inataka siku nne zaidi."

"Moshi ni siku tatu kwa miguu," alisema bibi. "Na siku ya nne asubuhi ndiyo garimoshi linaondoka. Itaivia njiani."

"Pombe haitembei, mke wa ndugu yangu."

"Hii itatembea. Na wewe utatembea nayo. Ulipokea jani."

"Unataka mimi," Sumari akajipiga kifuani, "kwa magoti haya, nitembee mpaka Moshi nyuma ya kibuyu?"

"Nataka."

Sumari alikohoa kwa muda mrefu. Mama alisema hakujua kama ni kikohozi au kicheko, na hakuthubutu kumtazama. "Basi muifunike vizuri," alisema hatimaye. "Baridi inaiua."

Hivyo ndivyo walivyoondoka, watu wanne na kibuyu. Mchungaji alikuwa ametangulia kwa nyumbu. Sadoki alibeba sanduku lake. Bibi alibeba ulezi na chungu kidogo. Kibuyu kikubwa cha pombe, kilichovikwa majani makavu ya mgomba kama mtoto mchanga, kilikuwa kichwani kwa mama, na nyuma yake alitembea Sumari na fimbo yake, akimpigia kelele.

"Polepole! Unaivuruga!"

"Baba mkubwa, njia ndiyo mbaya."

"Njia haina shingo. Wewe unayo. Inyooshe!"

Mwendo ule mama aliukumbuka kuliko miaka mingi ya maisha yake. Waliteremka kutoka kwenye ukungu wakaingia katika nyika ya Sanya, pana, ya rangi ya simba, ambako Mlima Meru ulibaki nyuma yao na Kilimanjaro mbele yao, na hata wakitembea kutwa nzima hakuna mlima uliosogea. Ilikuwa kama wamesimama na nchi ndiyo inayopita. Kibuyu kilinong'ona juu ya kichwa chake. Pombe ilikuwa imeanza kufanya kazi, na povu lilipenya kwenye kizibo cha majani likamtiririkia sikioni. Alisema alikuwa anaisikia ikisema jambo, na alipokaribia kulielewa walifika kwenye kivuko cha mto. Sumari alifurahia joto la nyikani kuliko wote. "Hapa itapata nguvu," alisema, na kila walipopumzika alikigeuza kibuyu upande wa jua, kama mtu anayemgeuza mgonjwa.

Siku ya pili, walipokuwa wamekaa chini ya mgunga, Sadoki alimwambia, "Baba mkubwa, ukinibariki, mimi nitaitikia kwa jina la Yesu."

"Itikia kwa jina unalolijua. Mimi nitabariki kwa mdomo nilionao."

"Hutakasirika?"

"Nimetembea siku mbili nyuma ya kibuyu, mwanangu. Nikitaka kukasirika nina sababu zilizo karibu zaidi."

Bibi aligeuka upande. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jioni ya siku ya tatu walivuka mto Weruweru. Bibi akapika uji wa ulezi ukingoni, akaupoza, akauchanganya na ile ndizi, akachuja kwa nyasi. Hakuonja. Alijua, na kila mmoja alijua, kwamba kuanzia hapo ilitaka usiku mmoja na mchana mmoja. Usiku wangeupata. Mchana ulikuwa wa garimoshi.

Asubuhi walipofika stesheni ya Moshi, lile garimoshi lilikuwa linapumua moshi kama nyumba inayopikiwa karamu. Mama hakuwahi kuona chuma kikubwa namna hiyo, lakini alisema hakukitazama sana. Tone la pombe lilikuwa limeshuka kwenye shavu lake mpaka kwenye kona ya mdomo, naye akalilamba. Ilikuwa tamu. Tamu kama uji wa mtoto. Pombe iliyoiva inauma ulimi, na hii haikuuma hata kidogo.

Mchungaji akatoa saa mfukoni. "Sadoki, dakika kumi."

Bibi akamimina pombe kwenye kata, akampa Sumari kwa mikono miwili, kisha akaishusha ile mikono tumboni akaishikanisha. Sumari akanywa funda moja. Akafumba macho. Watu walikuwa wanapita na mizigo, mtu fulani alikuwa anaita jina la mtu fulani, na wao wanne walikuwa wamesimama kama ndani ya kitu cha kioo. Sumari akafumbua macho, na macho yake yakaangukia kwanza kwa mama, aliyekuwa bado na ule unyevu mdomoni. Wakatazamana. Mama akainamisha uso.

"Imeiva," alisema Sumari.

Akachukua funda la pili, akampulizia Sadoki kifuani kama manyunyu, kisha kwenye viganja vyote viwili. "Nenda," alisema. "Wakupe chakula na kishuke vizuri. Wakufundishe na usiwaonee haya watu waliokuzaa. Baridi ikuguse ngozi isikuguse mfupa. Na siku utakayoitaka njia ya kurudi, uikute iko wazi, imefyekwa." Sadoki akasema, "Amina, kwa jina la Yesu." Akanywa, akampa mama yake, mama yake akampa Tabea. Kisha akapanda. Mama alisema garimoshi halikuondoka. Stesheni ndiyo iliyoanza kuteleza kurudi nyuma, na wao pamoja nayo.

Barua zilikuja mwaka mmoja. Kisha vita vikaanza, na barua zikakoma. Waingereza wakaingia Arusha, bendera ikabadilishwa, vijana wakachukuliwa kubeba mizigo, na hakuna aliyejua kama katika nchi ya Wajerumani mtu wetu bado yuko hai. Wanawake walikuja kumpa bibi pole mapema. Aliwajibu wote jibu moja: "Sadoki atarudi. Sumari mwenyewe alisema imeiva." Mama alikuwa akisikia hivyo, anatoka nje.

Mjomba Sadoki alirudi mwaka 1920, akafundisha miaka thelathini, na wengi wanaosoma haya walifundishwa naye. Lakini mama, pale kitandani, hakusimulia sana kurudi kwake. Alisimulia siku moja ya mwaka 1917, yeye na bibi wakipalilia maharage, barua ya mwisho ikiwa na zaidi ya miaka mitatu.

Bibi aliacha jembe akamwuliza ghafla, "Tabea. Wewe ndiye uliyekibeba kile kibuyu. Iliiva?"

Mama alikuwa ameshapata kipaimara. Amri kumi alizijua kwa moyo. Alisimama na magugu mkononi.

"Iliiva, mama."

Bibi akatikisa kichwa taratibu.

"Na wewe pia," alisema. "Mtoto wewe, mimi ndiye niliyeipika. Niliinywa palepale mbele yako. Ilikuwa tamu kama uji."

Mama akainama kung'oa magugu mengine.

"Sumari hajawahi kumdanganya mtu kuhusu pombe tangu nimjue," bibi aliendelea. "Nikamwona anadanganya kwa ajili ya mwanangu, mbele ya watu, na hakupepesa macho. Mimi nilichukua hilo kuwa ndiyo baraka. Ndilo ninaloshikilia mpaka leo." Akainama, akaendelea kupalilia, na baada ya mistari miwili akasema bila kugeuka, "Usimwambie kwamba najua. Ataona aibu."

Mama hakumwambia. Sumari alikufa mwaka uliofuata, kwa ile homa kubwa ya mafua, bila kumwona Sadoki tena, na bibi ndiye aliyemwosha.

Hayo mama aliniambia juma moja kabla hajafa, mchana, dirisha likiwa wazi. Kisha akaniuliza kama nadhani Mungu analihesabu neno lile, imeiva, kuwa uongo. Mimi nimesoma, na Jumapili husoma somo kanisani, na nilikuwa na majibu kadhaa. Nilimwambia sijui, mama. Akasema hata yeye hajui, na kwamba hivi karibuni ataweza kuuliza.